Kila Mtoto Awe na Kazi Yake: Namna ya Kuwashirikisha Watoto Wenye Mahitaji Maalumu katika Shughuli za Kila Siku za Shule

Katika shule nyingi za msingi za Tanzania Bara, mtoto mwenye ulemavu akishaandikishwa hupewa dawati la mbele, na uongozi wa shule huona kuwa wajibu wake umetimia. Ukiifuatilia siku nzima ya shule, kuanzia usafi wa asubuhi na paredi hadi uji, michezo, bustani na zamu ya kufunga madarasa, mara nyingi utamkuta mtoto huyo ameketi barazani akiwatazama wenzake. Hakuna aliyemfukuza. Aliyemketisha pale ni mwalimu mwema aliyemwambia, "Wewe pumzika tu, mwanangu." Kwa maoni yangu, huruma ya namna hii ndiyo kizuizi kigumu kuliko vyote, kwa kuwa ngazi na mlango mwembamba vinaonekana na vinaweza kulalamikiwa, ilhali wema haulalamikiwi na mtu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya walimu wa darasa, walimu wakuu na wazazi katika shule za kawaida ambazo hazina kitengo cha elimu maalumu. Shabaha yake ni moja: kila mtoto awe na kazi halisi katika maisha ya shule, kazi ambayo siku asipofika pengo lake litaonekana. Sheria iko upande wa mtoto katika jambo hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma kama watoto wengine. Walimu wengi wanakifahamu Kifungu cha 24 cha Mkataba, kinachohusu elimu, lakini Kifungu cha 30 hakitajwi sana, ingawa kinasema waziwazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki kwa usawa katika michezo na burudani, ikiwa ni pamoja na ile inayofanyika shuleni. Kwa hiyo uwanja wa mpira ni sehemu ya haki hiyo sawasawa na ubao.

Mjue mtoto kwanza

Usianze na jina la ulemavu. Watoto wawili wenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa ubongo unaoathiri misuli na mwendo, wanaweza kuwa tofauti kabisa, mmoja akatembea na kuzungumza vizuri huku mkono mmoja tu ukimsumbua, na mwingine akahitaji msaada hata wa kuketi. Mwite mzazi au mlezi, au bora zaidi mtembelee nyumbani, kisha umuulize mambo manne: mtoto hufanya kazi gani pale nyumbani, huonyeshaje kwamba anataka kwenda chooni au anasikia maumivu, ni kitu gani kinamtisha au kumchosha, na kama anatumia dawa, ni ipi na kwa saa zipi. Swali la kwanza ndilo lenye manufaa makubwa, maana mara nyingi mtoto ambaye shuleni hapewi hata ufagio, nyumbani analisha kuku, anaosha vyombo na kumbembeleza mdogo wake. Baada ya hapo muulize mtoto mwenyewe anachopenda kufanya na wenzake. Ni ajabu jinsi swali hili linavyosahaulika.

Kisha mwangalie kwa siku kadhaa, hasa wakati wa mapumziko, kwa kuwa huko ndiko mtoto huonekana alivyo. Wapo pia watoto ambao hakuna aliyewahi kuwatambua: yule anayesogeza daftari hadi puani au kukunja uso akitazama ubao, yule anayetazama midomo ya mwalimu kabla ya kujibu, yule anayetokwa usaha masikioni kila mvua zinapoanza. Hao wapelekwe zahanati au kituo cha afya bila kusubiri, kwani baadhi ya matatizo ya macho na masikio hutibika yakiwahiwa. Kwa yasiyotibika, wasiliana na ofisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri yenu, na uulize kama katika kata kuna mwalimu aliyesomea fani hiyo, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Mwalimu mmoja wa aina hiyo anaweza kusaidia shule kadhaa za jirani ikiwa walimu wakuu watakubaliana.

Yote uliyoyapata yaandike katika ukurasa mmoja: anachoweza, kinachomzuia, kinachomsaidia, na nani wa kuitwa akizidiwa. Ukurasa huo usomwe na kila mwalimu anayeingia darasani mwake na kila mwalimu wa zamu. Habari za ugonjwa zibaki kuwa siri ya walimu, zisitajwe mbele ya wanafunzi.

Pitia ratiba, shughuli moja baada ya nyingine

Chukua ratiba ya shule, na mbele ya kila shughuli jibu maswali matatu: watoto wote hufanya nini hapa, mtoto huyu anazuiwa na nini, na sisi tunaweza kubadilisha nini. Unapojibu swali la tatu, fuata mpangilio huu. Badilisha kwanza mahali au kifaa. Kama haitoshi, badilisha namna ya kufanya. Kama bado, badilisha kanuni ya shughuli. Na mwisho kabisa ndipo umpe mtoto msaidizi. Shule nyingi huanzia mwisho, kwa sababu kumwambia mwanafunzi mwingine "mfanyie mwenzako" ni rahisi na hakugharimu chochote. Matokeo yake ni kwamba mtoto mmoja hajifunzi kazi, na mwingine anageuzwa mtumishi. Linaloniuma zaidi ni hali ya dada au kaka anayesoma shule hiyohiyo, ambaye kila mara huitwa kutoka darasani ili akamhudumie ndugu yake. Huyo naye ni mwanafunzi, na vipindi vyake vina thamani ileile.

Kwenye paredi, kizuizi kikubwa ni kusimama muda mrefu juani. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu awekewe benchi mwishoni mwa mstari wa darasa lake, si pembeni peke yake. Mtoto mwenye ualbino asimame penye kivuli, na ni vema darasa lake zima lisimame hapo pamoja naye. Aruhusiwe kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo, na apake mafuta ya kukinga mionzi ya jua kabla ya kutoka nyumbani. Mafuta ya aina hiyo hutengenezwa hapa nchini, yakiwemo yale ya hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwa hiyo muulize mganga wa kituo chenu namna ya kuyapata. Mtoto mwenye usonji anaweza kuelemewa na kelele za ngoma na nyimbo. Msimamishe mwisho wa mstari, mbali na ngoma, na umwambie mapema paredi itakwisha lini. Kwa mtoto kiziwi, matangazo yote yaandikwe ubaoni au yafasiriwe kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Shule isiyo na mfasiri inaweza kuanza na kidogo: kuwafundisha wanafunzi wote alfabeti ya vidole na ishara chache za kila siku, neno moja kila asubuhi. Wanafunzi hulipenda zoezi hili, na katika muhula mmoja mtoto kiziwi atakuwa amepata watu wa kuzungumza nao. Kengele nayo isindikizwe na alama ya kuonekana, kwa mfano kibendera kinachoinuliwa mlangoni.

Jambo moja kuhusu kuchelewa. Mtoto anayetembea kwa magongo au anayesukumwa kwenye kiti mwendo kutoka kilomita mbili hawezi kufika pamoja na wanaokimbia, na kumwadhibu kwa sababu hiyo ni dhuluma. Apangiwe kazi ya asubuhi ambayo haianzi hadi afike, kama vile kujaza daftari la mahudhurio pamoja na kiranja.

Usafi ni shughuli inayostahili kupewa uzito, kwa sababu ndiyo watoto wote wanayoijua kama alama ya kuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Mtoto asiyeona anaweza kufagia chumba kwa kufuata mistari ya madawati, akianzia ukutani na kurudi ukutani, mradi madawati yasihamishwe bila kumwambia. Aliye kwenye kiti mwendo anaweza kufuta madirisha ya chini, kupanga vitabu, kumwagilia miche kwa kopo lililotobolewa, au kufagia kwa ufagio wenye mpini mrefu. Mtoto mwenye ulemavu wa akili huweza kazi yoyote kati ya hizi ikigawanywa katika hatua ndogo na ikarudiwa kwa mpangilio uleule kila siku: chukua ndoo, nenda bombani, jaza hadi kwenye mstari mwekundu, rudi, weka mlangoni. Chora hatua hizo kwa picha na uzibandike ukutani. Mfundishe kwa kumwonyesha, kisha mfanye pamoja, kisha umwache afanye hatua ya mwisho peke yake, halafu mbili za mwisho, hadi amalize zote. Msifu kwa kazi iliyofanyika vizuri, na akikosea mrekebishe kama unavyowarekebisha wengine. Sifa za bure watoto huzitambua haraka.

Darasani nitapita kwa kifupi, kwa kuwa mambo mengi ya darasani yanafahamika. Soma kwa sauti kila unachoandika ubaoni. Usizungumze ukiwa umeupa ubao uso, na usisimame ukiwa na dirisha mgongoni, maana uso wako utakuwa giza kwa mtoto anayesoma midomo. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wengi wenye ualbino, aketi mbele lakini asielekee kwenye mwanga mkali, na aruhusiwe kuusogelea ubao. Iwapo chumba cha darasa kina ngazi, hamisha darasa zima lije chumba cha chini kabla hujafikiria kujenga. Hilo halina gharama yoyote, ila nimeona likipingwa kwa hoja kwamba darasa la saba lina haki ya chumba fulani! Mkijenga njia ya mteremko, kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo kizingiti cha sentimita 30 kinadai njia ya mita 3.6. Njia fupi kuliko hiyo ni mwinuko mkali ambao mtoto hawezi kuupanda peke yake, na wakati wa kushuka anaweza kuanguka.

Uji, maji na choo

Mtoto asiyeweza kwenda chooni kwa heshima hunyamaza, huacha kunywa maji, halafu huacha kuja shule. Chunguzeni choo kabla ya kitu kingine chochote: mlango uwe na upana wa kupitisha kiti mwendo, yaani angalau sentimita 80, ukifunguka kwa nje, ndani kuwe na nafasi ya kugeukia, nguzo au bomba imara la kushikia, na kiti cha mbao chenye tundu kwa asiyeweza kuchuchumaa. Fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza kiti hicho kwa siku moja. Kama mtoto anahitaji kusaidiwa, msaidizi awe mtu mzima wa jinsia yake anayefahamika kwa mzazi, na utaratibu wa kumlinda mtoto uandikwe na kufuatwa. Kazi hii wasipewe wanafunzi wenzake.

Wakati wa uji, mtoto asipelekewe kikombe akiwa peke yake darasani. Apange mstari kama wengine, na kama hawezi kushika kikombe na magongo kwa pamoja, meza iletwe karibu na sufuria ili kila anayepokea aketi hapohapo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kukabwa na chakula. Alishwe au ale akiwa ameketi wima, kichwa kikiwa kimeinama kidogo mbele, kwa vijiko vidogo na bila haraka. Naye ajumuishwe katika zamu ya kugawa. Anayeweza kuhesabu ahesabu vikombe, na asiyehesabu aweke kikombe kimoja mbele ya kila aliyeketi, kazi ambayo yenyewe ni somo la hisabati.

Michezoni

Hapa ndipo utengano huwa mkubwa, na hapa ndipo shule inaweza kubadilika haraka zaidi. Kosa la kawaida ni kumpa mtoto filimbi, au kumfanya mlinzi wa viatu vya wenzake. Uamuzi ni kazi nzuri ikiwa unazunguka kwa wote, lakini mtoto mmoja akipewa filimbi kila Ijumaa, ametolewa mchezoni kwa adabu.

Anza na michezo ambayo watoto wanaijua. Katika rede, wanaorusha mpira husimama pande mbili, na aliye katikati hukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mtoto mwenye kiti mwendo anaweza kuwa mrushaji mkali sana, na anapoingia katikati, kanuni ibadilike kwamba mpira unabiringishwa chini na eneo lake la kukwepea linapanuliwa. Kwa mwenye uoni hafifu, funga mpira kwa kitambaa cha manjano au chungwa kinachoonekana vizuri juu ya udongo. Kwa asiyeona, tengeneza mpira wa matambara wenye visoda au kokoto ndani ya kikopo kidogo katikati, ili usikike unapobiringika. Hapo mnaweza kucheza mpira wa goli, mchezo uliomo pia katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini: wachezaji watatu kila upande, wote wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, hubiringisha mpira wenye sauti kuelekea goli la wapinzani, huku watazamaji wakinyamaza kimya. Unafaa shule ya kawaida kwa sababu wanaoona nao hufungwa macho, na mara nyingi asiyeona ndiye huwa hodari kuliko wote. Sijui somo jingine linalobadilisha fikra za watoto upesi kama dakika kumi za mchezo huu.

Katika mbio, mtoto asiyeona hukimbia na mwenzake, kila mmoja akishika ncha ya kamba fupi. Mwenzake huyo asimvute, aende sambamba naye. Hata katika kutembea, anayeongozwa ndiye hushika kiwiko cha anayemwongoza, naye anayeongoza hutangulia nusu hatua. Kumkokota mtoto kwa mkono au kumshika fimbo yake nyeupe ni kumnyang'anya macho yake. Katika kandanda, mtoto mwenye ulemavu wa akili hushiriki vizuri akipewa nafasi moja isiyobadilika na kazi moja, mathalani kumkaba mchezaji fulani tu, kisha aongezewe nyingine atakapoizoea.

Ni kweli kwamba wapo watoto ambao michezo fulani inaweza kuwadhuru, kwa mfano mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye mifupa inayovunjika kwa urahisi. Kwa hao, fuata maelezo ya daktari. Lakini maelezo hayo yaombwe kwa maandishi yakieleza anachoruhusiwa kufanya, kwani neno "asicheze" peke yake halimsaidii mwalimu.

Kifafa

Nakitenga kifafa kwa sababu hofu yake huwatoa watoto shuleni bila sababu. Hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa kugusana. Mtoto akianguka na kutetemeka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka sweta chini ya kichwa chake, legeza kola, na mtetemo ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimshike kwa nguvu, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimpe maji hadi azinduke kabisa. Tazama saa: mtetemo ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Baadaye apumzike, kisha arudi darasani kama anajisikia vizuri. Katika kugawa kazi, asipangiwe kuchota maji kisimani, kukoleza moto wa uji wala kupanda juu ya miti. Zilizobaki zote ni zake.

Wenzake

Wanafunzi huiga walimu. Mwalimu akimwita mtoto kwa jina lake, darasa litafuata. Akimwita kwa ulemavu wake, darasa litafuata pia. Kejeli zishughulikiwe siku hiyohiyo, na wazazi wa mkosaji waitwe kama ambavyo wangeitwa kwa wizi. Usaidizi wa rafiki uwe wa zamu, wiki kwa wiki, na mtoto mwenye ulemavu naye awe msaidizi wa mtu: asiyeona mwenye kumbukumbu nzuri awakaririshe wenzake majedwali ya kuzidisha, kiziwi awafundishe ishara mpya za wiki. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwasomesha watoto wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili katika eneo moja na watoto wasio na ulemavu; walimu wanaoweza kufika huko watajifunza mengi kwa kutazama tu mapumziko ya saa nne.

Kila mwisho wa muhula

Kamati ya taaluma ipitie orodha zote za shule: zamu za usafi, viranja, timu, kwaya, skauti, waliokwenda safari ya masomo. Tafuteni majina ya watoto wenye mahitaji maalumu katika kila orodha. Jina lisilo kwenye orodha hata moja liwekewe mpango kabla ya shule kufungwa, na mwalimu anayehusika atajwe. Mzazi aitwe aelezwe mtoto wake ameshika kazi gani, naye aeleze kama amebadilika nyumbani.

Mtoto anapokaribia darasa la saba, shule itoe mapema taarifa za mahitaji yake wakati wa usajili wa mtihani, ili Baraza la Mitihani liandae karatasi za nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa kugusa) au maandishi yaliyokuzwa na apewe muda wa nyongeza anaostahili. Taarifa ikichelewa, mtoto anaweza kuingia chumba cha mtihani akakuta karatasi asiyoweza kuisoma. Akichaguliwa kwenda sekondari, ule ukurasa wake mmoja, uliosahihishwa mwaka hadi mwaka, umtangulie kwa mkuu wa shule anakokwenda, pamoja na orodha ya kazi zote alizozifanya katika shule yenu.